Nani Humbembeleza Mama?

Mama alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, Jumamosi ya mwisho, na matatu ya saa nane. Mimi na shosho tulimngoja steji ya Nyahururu tukiwa tumepakwa mafuta mpaka magotini. Alileta mkate, sukari, nguo zilizowabana watoto wa mwajiri wake, na wimbo mmoja usio na maneno. Usiku alinilaza kando yake akauvuma, mdomo umefungwa, mm-mm-mmm, mm-mm-mmm, mpaka nikapotea. Jumapili jioni alikuwa ameshaondoka.

Nilikua nikijua huo wimbo ni wetu. Nilidhani shosho alimwimbia mama, na nyanya yake shosho alimwimbia yeye, hivyo hivyo mpaka huko nyuma kabla ya reli. Shuleni, mwalimu wa Kiswahili alipofika kwenye Fasihi Simulizi na kusema bembelezi ni nyimbo za kuwatuliza watoto, zinazoimbwa kwa sauti ya chini na kurudiwarudiwa, nilijisemea: sisi tunayo yetu. Sikuinua mkono. Vitu vingine huvitaki ubaoni.

Nilikuwa na miaka 19 nilipojua ukweli. Nilikuwa nimeanza kujifundisha kinanda kwenye kanisa letu, siku za wiki, wakati hakuna mtu isipokuwa yule mzee wa kufagia. Kile kinanda kina nyimbo za majaribio zilizohifadhiwa ndani, unabonyeza namba kinacheza chenyewe. Nikawa nabonyeza moja baada ya nyingine. Ghafla, mm-mm-mmm. Mi mi so, mi mi so, kama wanakwaya wa solfa wangesema. Nikainamia skrini ndogo kusoma jina. Brahms.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado nimekaa pale. "Ule wimbo wako uliutoa wapi?"

"Upi?"

Nikauvuma. Akacheka. "Ah, huo? Si ule wa kitanda cha Baby."

Ikabidi anieleze. Juu ya kitanda cha mtoto aliyekuwa anamlea huko Lavington kulikuwa na midoli ya kuning'inia, tembo wanne na mwezi. Ukizungusha ufunguo, wale tembo walizunguka na muziki ukatoka. Ulicheza kama dakika moja ukafa. Kuuzungusha tena kulikuwa na mlio wa kukwaruza ambao ungemwamsha mtoto, kwa hivyo mama alikuwa anaumalizia mwenyewe kwa koo lake. Kila siku, mchana na usiku. Ukamganda.

Kwa hivyo hata wimbo wangu ulikuwa mtumba. Ulivaliwa kwanza na mtoto mwingine, ukanifikia mwisho wa mwezi pamoja na sweta.

Sitasema iliniuma sana wakati huo. Ilianza kuniuma mwaka uliofuata, nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Hadithi ya kuacha chuo ni ndefu na haina shujaa. Sehemu inayohusika hapa ni kwamba karo ya ile miaka miwili ilitoka kwenye mshahara wa mwanamke aliyekuwa akilaza watoto wa watu. Nilikuwa na wakati mwingi, aibu nyingi zaidi, na kinanda cha bure. Nikaamua nitajifunza huo wimbo vizuri, na nitajua ulitoka wapi kabla ya wale tembo wanne. Haya ndiyo niliyopata.

*

Mwaka 1859, Johannes Brahms alikuwa kijana wa miaka 26 huko Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga kontrabasi, wa zile kazi za kupiga popote panapolipa. Mama yake, Christiane, alikuwa fundi wa kushona, mkubwa kwa mumewe kwa miaka 17. Brahms alikuwa ameanza kujulikana lakini bado alikuwa anafundisha na kuongoza kwaya, na moja ya hizo ilikuwa kwaya ya wanawake watupu.

Kwenye ile kwaya akaja msichana mgeni kutoka Vienna, Bertha Porubszky. Alikuwa na lafudhi ya kwao na nyimbo za kwao. Miongoni mwa nyimbo alizomwimbia Brahms ulikuwepo mmoja wa mtunzi wa Vienna, Alexander Baumann, wenye mwendo wa dansi ya kienyeji ya Austria, ile ya mapigo matatu matatu inayoyumba. Unahusu mapenzi, na kwamba mapenzi hayalazimishwi. Wanaoandika maisha ya Brahms husema moyo wake ulimwelekea huyu msichana. Mimi sihitaji kuthibitishiwa. Kama umewahi kuwa kwaya moja na mtu anayecheka vizuri, unajua.

Bertha akarudi Vienna. Akaolewa na Arthur Faber, mwenye viwanda, tajiri. Brahms mwenyewe alihamia Vienna baadaye, akawa rafiki wa nyumba hiyo, wa mume na wa mke, mpaka kufa kwake mwaka 1897. Hakuoa. Hakupata mtoto.

Mwaka 1868 Bertha akajifungua mtoto wa pili, mvulana, Hans. Brahms akawatumia wimbo. Sauti moja na piano, kurasa chache, maneno ya beti ya kwanza kutoka kwenye mkusanyiko maarufu wa nyimbo za kienyeji za Wajerumani uliochapishwa kati ya 1805 na 1808. Kwenye orodha ya kazi zake ni Opasi 49, namba 4. Kwa Kijerumani unaitwa Wiegenlied, yaani wimbo wa kitanda cha kubembea. Dunia inauita wimbo wa kubembeleza wa Brahms.

Sasa, hapa ndipo nilisimamisha kila kitu nikasoma mara mbili. Brahms aliutuma wimbo ukiwa na barua kwa mume, Arthur. Alimwambia, kwa maneno yangu, kwamba Bertha atajua mara moja wimbo umeandikwa kwa ajili yake na mtoto wake. Lakini akaongeza kwamba ni sawa kabisa, wakati Bertha anamwimbia Hans alale, mume naye awe anamwimbia Bertha, ananong'ona wimbo wa mapenzi.

Wimbo gani wa mapenzi? Ule wa Baumann. Brahms alikuwa ameuficha ndani ya piano.

Yaani mwimbaji anaimba ile melodi ambayo wewe na mimi tunaijua, mi mi so, kwa mtoto. Chini yake, mkono wa kushoto wa piano unayumba taratibu kama mtu anayesukuma kitanda kwa mguu. Na mkono wa kulia unapiga sauti zinazochelewa, haziangukii kwenye pigo lenyewe bali nyuma yake kidogo, na ndani ya huko kuchelewa kuna kivuli cha ule wimbo wa Hamburg wa 1859. Si nakala. Ni kama mtu anayekumbuka wimbo akiwa anafanya kazi nyingine. Watu wengi wanaosikia hawautambui. Bertha angeutambua.

Kwa hivyo huu wimbo ni wawili. Wa juu ni wa mtoto. Wa ndani ni wa mama. Mtoto analazwa na mama, na mama anabembelezwa na piano.

Nilifunga simu nikakaa kwenye giza, kwa sababu stima pia ilikuwa imepotea. Nilikuwa nafikiria mwanamke chini ya tembo wanne, saa tisa usiku, anamalizia muziki uliokufa. Ule wimbo wake wa ndani ulikuwa wapi?

*

Jibu liko kwenye historia ya namna nyimbo zilivyosafiri kabla ya kurekodiwa.

Wimbo ulichapishwa mwaka huohuo wa 1868, na tarehe 22 Desemba 1869 ukaimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya umma huko Vienna. Mwimbaji alikuwa Louise Dustmann, na kwenye piano alikaa Clara Schumann, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ile. Hiyo ni safari moja ya wimbo: jukwaa, tiketi, watu waliovaa. Ingekuwa hiyo pekee, mama hangewahi kuusikia.

Safari ya pili ilikuwa ya karatasi. Siku hizo hakukuwa na redio wala santuri. Ukitaka kusikia muziki nyumbani, mtu wa nyumbani alipaswa kuupiga. Familia za daraja la kati Ulaya zilikuwa na piano sebuleni kama leo tulivyo na TV, na wachapishaji walizilisha zile piano bila kupumzika. Simfoni ya watu sitini iligeuzwa kuwa kipande cha watu wawili wanaogusana viwiko kwenye benchi moja. Brahms mwenyewe alizigeuza simfoni zake hivyo. Nyimbo za waimbaji ziligeuzwa kuwa vipande vya piano visivyohitaji mwimbaji. Franz Liszt alihamishia piano nyimbo zaidi ya 50 za Schubert, na kuna watu waliomjua Schubert kupitia mikono ya Liszt kabla hawajasikia neno hata moja likiimbwa. Theodor Kirchner, rafiki wa Brahms, aliifanya kazi hiyo kwa nyimbo za Brahms.

Hii kazi ya kuhamisha ndiyo ilikuwa simu, redio na intaneti ya wakati ule. Brahms alifika hata enzi za mashine ya Edison: mwaka 1889 alikaa kwenye piano huko Vienna akarekodiwa kwenye mrija wa nta, na leo ukisikiliza, kelele za ile mashine zinafunika karibu kila kitu. Ila kilichombeba Brahms kufika mbali kilikuwa karatasi ya noti.

Na ule wimbo wa Bertha uliuza. Uliuza mpaka Brahms akamtania mchapishaji wake, Simrock, kwamba kwa nini wasitoe toleo la huzuni, kwa kii ya maina, kwa ajili ya watoto watundu au wagonjwa. Ulikuwa utani, lakini kuna ukweli ndani: kila aina ya mteja ilikuwa inatafutiwa toleo lake. Toleo la sauti ya juu, la sauti ya chini, la piano peke yake, la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hebu nikuonyeshe tatizo la mtu anayehamisha wimbo huu, maana nimekutana nalo kwa vidole vyangu.

Kwenye karatasi ya Brahms, piano haipigi melodi ya mwimbaji. Mwimbaji anayo yake, piano ina yake. Ukimtoa mwimbaji, unabaki na piano inayoyumba na kunong'ona bila ule wimbo wenyewe. Kwa hivyo anayehamisha lazima achukue kilichokuwa kooni akiweke kwenye mikono miwili ambayo tayari ina kazi. Ni kama matatu ya watu kumi na wanne ambayo imesimamishwa na abiria mmoja zaidi, na huyo abiria ndiye mwenye gari. Mtu lazima ashuke.

Anayeshuka ni yuleyule kila mara. Melodi haiwezi kushuka, ndiyo watu wamelipia. Besi haiwezi kushuka, ndiyo inabembeza. Anayeshuka ni yule wa katikati, ule mnong'ono unaochelewa. Mahali pake panawekwa kodi za kawaida, na sisemi za KRA, nasema zile sauti tatu zinazopigwa pamoja. Un, chi, chi. Un, chi, chi. Inasikika vizuri. Inaingia kitabu cha mtoto wa miaka saba. Inaingia kwenye kisanduku cha muziki chenye meno machache ya chuma, na baadaye kwenye midoli ya tembo na mwezi, na kwenye kinanda cha kanisa. Kuna hospitali huko Marekani ambazo hupiga ile melodi kwenye vipaza sauti kila mtoto anapozaliwa.

Kila ulipofika, ulifika na wimbo wa mtoto. Wimbo wa mama ulibaki Vienna.

Sitaki kusema kuna mtu aliyefanya hila. Hakuna aliyeketi akasema tumtoe mama. Ni vidole kumi tu na karatasi ya bei nafuu. Lakini nimeona mambo mengi yanavyopotea maishani na mara nyingi ni hivyo: hakuna aliyeyatupa, ila nafasi ilikuwa ndogo, na kila mtu alikubaliana bila kusema ni nini kitakachoweza kukosekana bila mtoto kulia.

*

Wapo waliokataa njia ya mkato. Alfred Cortot, mpiga piano Mfaransa aliyezaliwa Uswisi, aliuhamisha huu wimbo kwa mikono ya mtu wa tamasha, akaurekodi zama za santuri. Lakini aliyenishika mimi ni Percy Grainger, Mwaustralia.

Grainger alilelewa na mama yake, Rose. Yeye ndiye aliyemfundisha piano kwanza, yeye ndiye aliyesimamia kazi yake, walisafiri na kuishi pamoja mpaka Grainger akiwa mtu mzima anayekaribia miaka 40. Tarehe 30 Aprili 1922 Rose alijirusha kutoka juu ya jengo New York akafa. Mtoto wake alikuwa safarini, mbali.

Ni miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1920 ambapo Grainger alitengeneza kipande chake cha piano kutokana na wimbo wa Brahms. Aliuita mpangilio huru, na uhuru aliuchukua kweli. Kodi zake ni pana, mikono inabidi izifungue kama feni, sauti za katikati zinatembea, zinagongana, zinaomba radhi. Siwezi kukuambia alikuwa anafikiria nini, na sitajifanya. Nakuambia tu mpangilio wa matukio: mwanaume amempoteza mama, na kati ya nyimbo zote duniani anakaa na wimbo wa kubembeleza, na anachokijaza ni katikati. Pale ambapo wengine walikuwa wameshusha abiria.

Brahms naye alikuwa ameshapitia hapo. Christiane, yule fundi wa kushona, alikufa Februari 1865. Rekwiemu yake kubwa ya Kijerumani ilipigwa Bremen siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1868, na baada ya hapo akaiongezea sehemu moja, ya tano, ambapo mwanamke mmoja anaimba juu ya kwaya inayobeba mstari wa Isaya 66:13. Nenda ukausome, unamhusu mama anayemfariji mtoto wake. Hiyo ni Mei 1868. Wimbo wa Bertha ni Julai 1868. Miezi miwili kati ya kumfariji mwana wa marehemu na kumfariji mama wa mtoto mchanga. Mimi si profesa, na kama unavyojua sikukaa hata na profesa muda wa kutosha, lakini kwangu hizo kazi mbili ni chumba kimoja chenye milango miwili.

Na hakuachana na ile melodi. Kwenye Simfoni yake ya Pili, ya mwaka 1877, sehemu ya kwanza, cello na viola zinaimba kitu ambacho ukikisikia unageuka. Ni ndugu wa wimbo wa kubembeleza. Na kimeanza kwa kii ya maina, ile ya huzuni. Lile toleo la utani la watoto wagonjwa, karibu tuseme, alilitoa.

*

Nilipakua noti za asili bure kwenye intaneti. Zimeshatoka kwenye hakimiliki zamani. Nikazichapisha kwenye saiba, shilingi kumi kwa ukurasa. Ziko kwenye kii inayotaka vitufe vyeusi vitatu, si kama matoleo ya wanaoanza ambayo hukuhurumia yakakuweka kwenye vyeupe vitupu.

Miezi miwili ya kwanza nilipiga lile toleo rahisi mpaka mzee wa kufagia akawa analivuma akifagia. Kisha nikaanza kurudisha kile kilichoshushwa. Sina mikono ya Cortot. Nilichofanya ni hiki: vidole vya nje vya mkono wa kulia vishike melodi ya mtoto, na ule wimbo wa Bertha niushushe oktava moja chini, uchukuliwe na vidole gumba, cha kulia kikichoka cha kushoto kipokee, kama watu wawili wanaobeba gunia. Besi inaguswa tu na kuachwa, pedali iishike. Shida ni ile tabia ya kuchelewa. Melodi inataka pigo, mnong'ono unataka nyuma ya pigo. Mikono yako inakuwa watu wawili wasioelewana saa. Wiki nzima nilikuwa nagongagonga mapaja kwenye matatu, kulia moja, kushoto nusu, mpaka konda akaniuliza kama niko sawa.

Nikakumbuka Fasihi Simulizi tena. Kuna kitu mwalimu alisema ambacho niliandika kwenye daftari bila kukitafakari, kwa sababu kilikuwa cha alama mbili: bembelezi nyingi hubeba malalamiko ya mlezi. Mtoto haelewi maneno, kwa hivyo anayemlaza anaweza kusema yote. Amechoka. Mume hayupo. Chakula hakuna. Mama wa mtoto ameenda shambani na mimi dada mtu nimeachiwa mgongo. Yaani shosho zetu hawakuhitaji piano. Walimpigia mtoto wimbo wa juu kwa sauti, na wa ndani wakaupitisha kwa maneno. Brahms, mtu wa Hamburg asiye na mtoto, alikuwa amegundua kwa noti kile ambacho kila yaya anakijua: kuna watu wawili kwenye kile chumba, na ni mmoja tu anayeruhusiwa kulia.

Mama aliuvuma wimbo wake ukiwa hauna noti za ndani na hauna maneno ya ndani. Miaka kumi na moja. Alikuwa na mtoto wake Nyahururu, akimlaza mtoto mwingine Lavington, kwa wimbo ulioandikwa ili mwanamke anayelaza mtoto naye ashikwe. Na ile sehemu ya kumshika ndiyo iliyokuwa imekatwa ili itoshe kwenye tembo.

*

Siku hizi mama ana kibanda cha mboga Githurai. Magoti yanamsumbua. Kuhusu chuo hatujawahi kuzungumza vizuri, huwa anauliza, "Unaandika?" nami najibu, "Naandika," na hapo ndipo mazungumzo hukaa.

Alhamisi moja alikuja kanisani kuleta maua ya harusi. Nikamwambia, "Mathe, kaa kidogo, nikupigie kitu."

Akakaa mwisho wa benchi, kama mtu atakayeondoka. Nikapiga. Aliutambua mapema, nikaona bega lake linashuka. Nilikosea mara mbili katikati. Nilipomaliza alinyamaza kwanza.

"Ule ni wa Baby," akasema. "Lakini kuna mtu mwingine hapo chini. Nani huyo?"

Nikamweleza. Hamburg, Bertha, barua kwa mume, wimbo wa mapenzi uliofichwa kwa ajili ya yule anayelaza mtoto. Nilieleza vibaya, mbiombio, kama mtu anayeomba msamaha kwa kutumia habari za watu wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitoa majani makavu kwenye maua.

"Huyo Bertha," akasema, "mume alikuwa na viwanda?"

"Eeh."

"Basi alikuwa na yaya."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Miezi yote hiyo, vitabu vyote hivyo. Nyumba ya mwenye viwanda Vienna, mwaka 1868: kwa kawaida nyumba kama hizo ziliajiri wanawake wa kulea, wengi wao wametoka mashambani, wameacha wao nyumbani. Brahms alimwandikia bibi wa nyumba. Lakini saa tisa usiku, huenda aliyekuwa amesimama juu ya Hans ni mwanamke mwingine, ambaye jina lake halipo kwenye barua.

"Haya," mama akasema, akavua viatu. "Piga tena. Na polepole, unaenda kama unakimbizwa na askari wa kanjo."

Nikapiga tena, polepole. Mara ya pili sikukosea. Mara ya tatu niliiacha melodi ya mtoto kabisa, nikapiga ule wa chini peke yake, na yeye akafumba macho, maua yakiwa bado kwenye mapaja.